Anayenunua Gari la Nitro Anunue na Wakati

Wahenga walinena kuwa mtoto akililia wembe, mpe. Ni methali ambayo nimeitumia mara nyingi mbele ya wazazi wenzangu, lakini likizo iliyopita ilinigeukia, nami nikashindwa kuitii.

Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 13 alikuja kudai ahadi. Nilikuwa nimemwambia kwamba akifanya vyema shuleni ningemnunulia gari la kuchezea, lile linaloongozwa kwa redio kutoka mbali. Alikuwa ametimiza sharti lake. Kilichosalia ni kuchagua, na hapo ndipo tulipohitilafiana. Yeye alitaka gari la nitro, lenye injini inayonguruma na kutoa moshi. Mimi nilielekea kwenye gari la umeme.

"Mjomba," akaniambia, "gari lisilo na injini si gari."

Kauli hiyo ilinichoma kwa kuwa nililijua chimbuko lake. Hayati baba yake alikuwa fundi wa magari, na aliweza kutambua maradhi ya injini kwa kuisikiliza tu. Mtoto huyu hakuwa akililia kelele bure bilashi.

Naleta suala hili hadharani kwa sababu mzazi aingiapo dukani huzungumziwa bei na kasi. Swali lililo muhimu zaidi haulizwi: je, unao wakati?

Gari la nitro halitumii petroli ya kawaida. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili. Injini yenye ujazo wa sentimita mchemraba 3.5 tu, inayotosha kiganjani, yaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Ikiwa mpya, haina budi kuzoeshwa polepole kwa matangi kadhaa ya mafuta kabla ya kukimbizwa. Kabureta nayo hurekebishwa kwa kufuata hali ya hewa na mwinuko wa mahali, hivi kwamba injini iliyopangwa vyema Mombasa itahitaji kupangwa upya ikifika Nairobi, ambako hewa ni nyepesi. Mchezo ukiisha, tangi humwagwa na injini hutiwa oili, kwani mabaki ya mafuta hayo huvuta unyevu na kuleta kutu. Naungama kuwa hiyo ni shule nzuri. Atakayeihitimu atakuwa ameonja ufundi wa kweli.

Hata hivyo, shule hiyo haina mwalimu ndani ya boksi. Aidha, methanoli si jina geni kwetu. Ndiyo iliyotiwa katika pombe haramu iliyowaua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi mnamo Novemba 2000, na iliyoleta tena vilio na upofu katika kaunti kadhaa mwezi Mei 2014. Ikishika moto mchana, ndimi zake hazionekani kwa urahisi. Je, hicho ni kitu cha kuwekwa chini ya kitanda cha mtoto? Vile vile, jamaa aliye ng'ambo aweza kuja na gari lenyewe, lakini mafuta yake hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege. Gari likikosa mafuta hugeuka pambo la sebuleni.

Nisije nikadhaniwa kuwa nalipigia debe gari la umeme kana kwamba halina dosari. Betri zake za lithiamu ni hatari zikipuuzwa. Kila seli ina volti 3.7 kwa wastani, na haipaswi kuchajiwa kupita volti 4.2. Iliyovimba isitumiwe tena. Betri ichajiwe kwa chaja yake halisi, juu ya kitu kisichoshika moto, na mtu mzima akiwa macho. Lakini ulinzi huo ni wa saa moja hivi jioni, na mama aliyetoka kazini anaumudu. Gari la nitro hudai Jumamosi nzima, tena ya mtu anayejua anachokifanya.

Wapo watakaosema kwamba umeme wetu hupotea. Ni kweli, na hatujasahau Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipotiwa giza. Lakini chaja nyingi za magari haya zaweza kuunganishwa na betri ya volti 12, hata ile inayojazwa kwa jua.

Wapo pia watakaosema kuwa gari la umeme halimfunzi mtoto ufundi. Hilo silikubali. Lina gia, springi na ekseli zinazovunjika na kudai kutengenezwa. Isitoshe, ufundi wenyewe unahama. Tangu 2022, mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria jijini Nairobi, na fundi wa kesho atahitajika kuyafungua na kuyaelewa.

Nilipoyapima haya yote, nilijiuliza ni nani atakayesimama kando ya mpwa wangu akiwa na bisibisi mkononi. Aliyestahili kusimama pale yuko kaburini. Mimi naishi mji mwingine, na humtembelea mara moja kwa mwezi. Nikanunua gari la umeme.

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu alilifungua, akaniuliza kwa nini mota yake ina nyaya tatu badala ya mbili. Sikuwa na jibu. Ikatulazimu tutoke pamoja tukamtafute fundi wa kutueleza, na njiani alinisimulia mambo ya baba yake ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia.

Mzazi mwenzangu, ikiwa unazo Jumamosi za kutoa, mnunulie mwanao gari la nitro, nawe ukae naye mpaka injini izimwe na chupa ya mafuta ifungiwe. Ikiwa huna, nunua la umeme bila kuona haya. Kosa ni kununua mngurumo na kumwachia mtoto sumu. Mtoto akililia wembe, apewe na mtu aliyeketi kando yake.