Pesa ya Kujenga Upya Si ya Kucheza Pata Potea

Wasee, hebu fikiria hivi. Mtu anachoma keja yako, anakubali makosa, halafu anakwambia: fidia yako nusu ni pesa taslimu, nusu ingine ni hisa za kampuni yangu. Ungekubali?

Hii si hadithi. Novemba 2018, laini ya stima ya kampuni ya PG&E iliwasha moto huko California, Marekani. Mji wa Paradise ukateketea. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaisha. Mwaka wa 2020 kampuni ilikiri mashtaka 84 ya kuua bila kukusudia. Kwa kuwa ilikuwa kwenye kesi ya kufilisika, waathiriwa wa moto huo na mingine waliwekewa mfuko wa dola bilioni 13.5. Nusu pesa, nusu hisa.

Shida unaiona? Mwenye amepoteza nyumba anaamka akiombea kampuni iliyomchomea ifanye vizuri sokoni, ndio apate za mbao na saruji. Na mwishowe hawakulipwa madai yao yote.

Na huwezi tu kurudisha nyumba ya zamani. Tangu 2008, nyumba mpya kwenye maeneo hatari ya California lazima ziwe na paa lisiloshika moto haraka na matundu ya hewa yanayozuia cheche. Inasaidia kujenga vizuri: watafiti walipata kwamba Paradise, nyumba za kabla ya 1997 zilipona asilimia 11.5 pekee, lakini za kuanzia 1997 zilipona asilimia 38.5. Kumbe pesa ikipungua, hujengi nyumba hafifu. Hujengi kabisa. Unauza ploti, unahama.

Wengine watasema bila hisa pesa haingetosha. Sawa, lakini mbona hiyo hatari abebe mama mwenye nyumba yake ni jivu? Wapewe wawekezaji. Hao walinunua hisa wakijua ni bahati nasibu.

Msimamo wangu ni huu: fidia ya nyumba ilipwe kwanza, taslimu, na iwe na fungu la kulipia ile gharama ya ziada ya kujenga nyumba inayostahimili moto. La sivyo, tunawaambia watu wajenge imara na pesa yenyewe inayumba.