Baada ya Kigali: Vilima tunavyo, barabara ya kushindania hatuna

KWA siku nane, kuanzia Septemba 21 hadi 28, 2025, jiji la Kigali lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Shule za jiji hilo zilifungwa, watumishi wa umma wakaagizwa kufanyia kazi nyumbani, na barabara ambazo siku za kawaida hujaa magari na pikipiki zikaachwa kwa ajili ya watu wenye baiskeli.

Mengi yaliandikwa kuhusu bingwa wa wanaume, Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshambulia zikiwa zimesalia zaidi ya kilomita 100 na hatimaye kufika peke yake. Yaliandikwa pia mengi, na kwa haki, kuhusu mgogoro wa mashariki mwa Kongo, uliolifanya Bunge la Ulaya Februari 2025 kutaka mashindano hayo yaondolewe Rwanda. Suala hilo ni zito na linastahili makala yake lenyewe. Makala haya yanamwangalia mtu mwingine, ambaye kamera za televisheni humwonyesha kwa sekunde chache na kumwacha: mwendesha baiskeli wa ridhaa aliyepangwa mstari mmoja na walipwaji wa Ulaya, akaachwa kwenye kilima, kisha akaondolewa barabarani kabla mbio hazijafika nusu.

Takwimu za mbio za wanaume zinatosha kueleza ukali wenyewe. Umbali ulikuwa kilomita 267.5, na jumla ya mwinuko uliopandwa mita 5,475. Kati ya walioanza, ambao walizidi 150, waliofika mwisho ni 30 tu. Wanawake walikwenda kilomita 164.6 zenye mwinuko wa mita 3,350, na ushindi ukaenda kwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumtaja kabla ya siku hiyo.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini mtu wa ridhaa awekwe katika mbio za namna hiyo? Jibu limo katika historia. Mashindano haya yalipoanza mwaka 1921 mjini Copenhagen yalikuwa ya watu wa ridhaa peke yao. Walipwaji walipata taji lao mwaka 1927, huko Nürburgring nchini Ujerumani, kwenye njia ya mzunguko yenye vilima, na Alfredo Binda wa Italia akawa bingwa wao wa kwanza. Kwa miongo mingi makundi hayo mawili yalikwenda sambamba, kila moja na mbio zake. Taji la wanaume wa ridhaa lilishindaniwa mara ya mwisho mwaka 1995. Mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na mbio za vijana walio chini ya miaka 23. Tangu wakati huo mtu mzima ambaye riziki yake haitokani na baiskeli, lakini nchi yake imempa jezi ya taifa, hana kundi la kwake. Atapanga mstari na Pogačar, au abaki nyumbani.

Ulaya mabadiliko hayo hayakuleta madhara makubwa, kwa sababu chini ya mbio za walipwaji kuna ngazi nyingi. Ubelgiji, Ufaransa na Italia zina mbio za vijiji na vitongoji, na kijana wa miaka 19 anaweza kushindana kila wiki katika majira ya joto. Kwetu ngazi hizo ni haba. Rwanda ndiyo iliyojitahidi zaidi katika ukanda huu: Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, ikaingizwa katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009, na baadhi ya nyota wake wa awali walikuwa vijana waliokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli. Kenya, Uganda na Tanzania zina waendeshaji wengi wenye moyo na mapafu, lakini siku za kushindana kwa mwaka ni chache mno.

Ili kuelewa kwa nini uchache huo unaumiza, ni lazima kwanza kufahamu kinachotokea kwenye njia ya mzunguko yenye vilima.

Kwenye tambarare, mwendeshaji anayejikinga na upepo nyuma ya wenzake huokoa takriban theluthi moja ya nguvu. Ndiyo maana mtu dhaifu kidogo anaweza kukaa ndani ya kundi kwa saa tatu bila kugundulika. Barabara ikianza kupanda, mwendo unashuka, upepo unapoteza umuhimu wake, na mzani ndio unaoanza kusema. Njia ya Kigali ilikuwa na urefu wa kilomita 15.1, na ndani yake mlikuwa na vilima viwili vilivyorudiwa kila raundi: kile cha Kigali Golf, mita 800 zenye wastani wa asilimia 8.1, na kile cha Kimihurura, kilomita 1.3 za asilimia 6.3, ambacho kimetandikwa mawe. Wanaume walirudia raundi hiyo mara 15, na katikati wakatolewa nje ya njia ya kawaida kwenda kupanda Mlima Kigali na ule ukuta wa Kimisagara, wenye mteremko wa asilimia 11.

Tuchukue mtu wa ridhaa anayepanda kilima cha Golf kwa kilomita 16 kwa saa. Atatumia dakika tatu. Akiwa pamoja na baiskeli yake ana kilo 75, na mwenzake mwenye nguvu zilezile ana kilo 80, yule mzito atachelewa kwa sekunde 12 hivi, sawa na zaidi ya mita 50. Mita 50 ni kitu kidogo machoni, lakini juu ya kilima kundi linaongeza mwendo papo hapo, na aliyeachwa mita 50 hana tena mgongo wa kujikinga nyuma yake. Anapambana na upepo peke yake dhidi ya watu 80 wanaopokezana. Mbio zake zimekwisha, ingawa yeye bado anakanyaga.

Hata hivyo, uzito si hoja kuu, na hapa ndipo wachambuzi wengi wa michezo wanapokosea wanaposema tu kwamba vijana wetu “hawana nguvu”. Mwendeshaji mzoefu aliye mzito ana dawa yake. Anahakikisha anakianza kilima akiwa katika safu za mbele, kisha anajiachia taratibu arudi nyuma huku wengine wakimpita, na anapofika kileleni bado yumo ndani ya kundi. Zile sekunde 12 amezilipa bila kuachwa. Hila hii haihitaji mapafu ya ziada, ila inahitaji ujasiri wa kusogea mbele kati ya mabega ya watu, kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, kabla ya kona. Ujasiri huo haupatikani kwa kufanya mazoezi peke yako alfajiri pembezoni mwa barabara kuu. Hupatikana kwa kushindana ndani ya kundi, mara nyingi, na kukosea mara nyingi.

Mambo mengine ni ya namna hiyohiyo. Aliye mkiani mwa kundi hufunga breki katika kila kona kwa sababu walio mbele yake wamefunga, kisha hulazimika kuchomoka kwa nguvu zote ili asiachwe. Katika raundi moja anaweza kufanya hivyo mara kumi, ilhali aliye mbele hakufanya hata mara moja. Kwenye mteremko, asiyezoea hubana breki na kupoteza kile alichokipata kwa jasho wakati wa kupanda, au huachia kupita kiasi. Mteremko hauna msamaha. Suleiman Kangangi wa Kenya, mmoja wa waendeshaji bora ambao ukanda huu umepata kuwa nao, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mashindano jimboni Vermont, Marekani. Yeye alikuwa mzoefu. Ni hoja ya kuwaongezea vijana mahali salama pa kujifunzia, si ya kuwafungia.

Kuna pia suala la vifaa, nalo ni la kawaida sana kiasi kwamba watu hulipita. Baiskeli nyingi za mbio zinazofika kwetu ni za mitumba, zenye gia za zamani: meno 39 mbele na 25 nyuma kwenye gia nyepesi kuliko zote. Kwenye mteremko wa asilimia 10, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, gia hiyo humlazimisha mtu kukanyaga mizunguko 60 hivi ya pedali kwa dakika, sawa na mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba gunia. Mwenzake mwenye meno 34 mbele na 32 nyuma hukanyaga mizunguko 90 kwa mwendo uleule, na misuli yake hubaki na akiba ya raundi zinazofuata. Baiskeli mpya ya kaboni yenye gia za kisasa inaweza kugharimu zaidi ya pikipiki mpya ya bodaboda. Lakini sahani ya nyuma yenye meno mengi na mnyororo mpya ni gharama ambayo chama cha mkoa kinaweza kuibeba, kama kingejua kwamba tatizo ni hilo.

Zipo pia kanuni. Katika mbio za mzunguko, makamisaa wana mamlaka ya kumwondoa aliyeachwa mbali au anayekaribia kupitwa kwa raundi nzima. Katika mashindano ya dunia kanuni hiyo haina mjadala, kwa sababu za usalama na za ratiba. Matokeo yake, lakini, ni kwamba asiye na uzoefu ndiye anayepata muda mfupi zaidi wa kuupata. Amesafiri, ameandaliwa kwa miezi, ameshindana kwa saa moja na nusu, kisha ameonyeshwa bendera. Inasikitisha kuona mbio za ridhaa za kwetu zikiiga kanuni hiyo neno kwa neno, kana kwamba nazo zina matangazo ya moja kwa moja ya kuwahi.

Mfano wa Chris Froome unafaa kuangaliwa upya. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio kwa David Kinjah katika vilima vya Kikuyu, na akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006 huko Melbourne. Mwaka huohuo alishiriki mashindano ya dunia ya vijana mjini Salzburg baada ya kujiandikisha mwenyewe kwa kutumia barua pepe ya chama cha taifa. Baadaye alibadili leseni kuwa ya Uingereza, na Tour de France alizoshinda, za mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, zikahesabiwa huko. Kwetu kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya mtu aliyetukimbia. Ukitazama vizuri, vilima na mwalimu alivipata hapahapa, na alichokifuata ng'ambo ni mbio za kila wiki.

Mbio za kila wiki hazihitaji fedha za Tour du Rwanda. Hapa ndipo njia ya mzunguko inapozishinda mbio za kutoka mji hadi mji. Mbio za kilomita 120 kati ya miji miwili zinahitaji askari wa usalama barabarani katika kila makutano, magari ya kuongoza, na gari la wagonjwa ambalo daima litakuwa mbali na aliyeanguka. Mzunguko wa kilomita tano wenye kilima kimoja unahitaji makutano machache kufungwa, gari moja la wagonjwa lililosimama mahali pamoja, na mtazamaji anawaona washindani mara kumi badala ya mara moja. Aliyeachwa anaweza kusubiri kundi la pili na kuendelea kujifunza, ilimradi makundi yagawanywe kwa uwezo.

Mahali papo. Iringa mjini pako juu ya mwamba, na barabara inayopanda kutoka Ipogolo ni kilima ambacho mwendeshaji yeyote angekiheshimu, katika mwinuko unaokaribiana na ule wa Kigali. Mwanza ina Capri Point na mawe yake. Kampala imejengwa juu ya vilima. Kinachokosekana ni saini ya mkurugenzi wa jiji na mkuu wa polisi, na kwa uzoefu wa nchi zetu saini hiyo hupatikana kirahisi zaidi kwa msafara wa harusi kuliko kwa mbio za baiskeli.

Kigali yenyewe imeonyesha kwamba jambo hili halihitaji mashindano ya dunia. Tangu mwaka 2016 jiji hilo limekuwa na siku ya barabara bila magari, na kuanzia 2018 ikawa mara mbili kwa mwezi, Jumapili asubuhi, kuanzia saa 1 hadi saa 4. Watu hukimbia, hutembea na kuendesha baiskeli, kisha magari hurudi na maisha huendelea.

Saa tatu hizo zinatosha raundi kumi za kilomita tano kwa kundi la kwanza na raundi sita kwa wanaoanza, na barabara ikafunguliwa kabla waumini wa ibada ya pili hawajatoka kanisani.