Nyanya Mpya Aitwe Nani?

Mtoto wa kwanza anapozaliwa, nyumba nzima hushughulika na jina lake. Wazee huulizwa, habari hupelekwa kwa jamaa walio mbali, na mara nyingine hutokea ubishi kabla ya jina kupatikana. Lakini ni watu wachache wanaokumbuka ya kuwa siku hiyo hiyo kuna mtu mwingine apataye jina jipya, naye ni mama wa mzazi. Jana aliitwa mama fulani. Leo amekuwa nyanya. Je, ameulizwa angependa mjukuu amwite nani?

Zamani swali hili halikuwako. Kila kabila lilikuwa na neno lake, na mwanamke alilipokea bila kuchagua. Kwa Wakikuyu aliitwa cucu, kwa Wakamba susu, kwa Wakisii magokoro, kwa Wakalenjin kogo, kwa Waluhya kukhu, na kwa Wajaluo dani.

Wala neno hilo halikuwa la kuitia tu. Lilikuwa na kazi. Kwa Wakikuyu iko desturi, ambayo wengi wangali wanaifuata, kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Na wavulana vivyo hivyo kwa babu zao. Hivyo nyanya na mjukuu huweza kuwa na jina moja, na baba humwita binti yake mchanga "maitu", yaani mama yangu. Naye mvulana aliyepewa jina la babu huitwa na nyanya yake "mume wangu", kwa utani wenye upendo mwingi. Kwa Wajaluo mambo ni mengine. Mtoto hupewa jina la wakati wa kuzaliwa kwake, kama Otieno au Atieno kwa aliyezaliwa usiku, tena huweza kupewa jina la jamaa aliyekwisha kufariki. Heshima ya mwanamke mzee ilionekana hasa katika nyumba iliyoitwa siwindhe, ambamo wasichana walilala kwake, wakafundishwa hadithi, vitendawili na mwenendo mwema.

Siku hizi mambo yamechanganyika. Mfano ni huu: kijana Mjaluo wa Siaya ameoa binti Mkikuyu wa Nyeri, nao wanakaa Nairobi. Mtoto akizaliwa, wako nyanya wawili, ziko lugha mbili, na kinywa ni kimoja. Nyumbani wazazi husema Kiswahili na Kiingereza. Wasipofanya shauri mapema, mtoto atamwita mmoja kwa neno la lugha yake kwa sababu ndiye aonekanaye mara kwa mara, na yule mwingine atasikia katika simu neno lisilo lake. Hatalalamika. Atacheka, ataulizia afya ya mtoto, kisha ataiweka simu na kukaa kimya. Hapo ndipo ufa unapoanza, na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dawa yake si ngumu. Kila nyanya aulizwe, na kila mmoja apewe neno lake. Mmoja aitwe cucu, mwingine aitwe dani. Wazazi wasiogope kwamba mtoto atachanganyikiwa, kwani kwake hayo ni majina ya watu wawili awapendao. Tena akikua atakuwa na neno moja la kila upande, na neno moja ni mlango wa kuingilia lugha yenyewe.

Wengine hukimbilia Kiswahili, wakidhani kitamaliza ubishi. Nacho kina mitego yake. "Bibi" kwa watu wa pwani na wa Tanzania ni mama wa mzazi. Lakini huko bara ya Kenya wengi wamezoea kwamba bibi ni mke wa mtu, na babu aliyezoea hivyo atashangaa kumsikia mjukuu akimwita mkewe "bibi yangu". "Nyanya" ni neno safi, walakini ni tunda la sokoni pia, na watoto wa shule hawaachi kulifanyia mzaha.

Kisha liko jambo la umri. Mwanamke aweza kupata mjukuu akiwa na miaka 45, angali anafundisha shule au anaendesha duka lake. Mjini Nairobi kondakta wa matatu humwita "shosho" kila mwanamke mwenye mvi, na kwa hiyo neno hilo kwake lina sauti ya mkongojo. Akisema angependa kuitwa kwa neno jingine, hata la Kiingereza, asichekwe, wala asidhaniwe ameikana damu yake. Lakini naye afikiri kidogo. Neno analoliogopa leo ndilo aliloitwa mama yake mwenyewe, na kinywani mwa mjukuu neno hilo halina mvi.

Liko jambo zito kuliko hayo yote. Mwezi wa Novemba 1999 UKIMWI ulitangazwa kuwa janga la taifa katika Kenya. Katika miaka ile nyanya wengi, hasa upande wa Nyanza, waliwazika watoto wao wenyewe, wakaanza upya kulea wachanga. Mtoto aliyefiwa kabla ya kujua kusema alimwita "mama" yule aliyemlisha na kumfunika usiku. Nyanya wengine waliitikia, ili mtoto asikose wa kumwita mama kama wenzake. Wengine walimrekebisha kwa upole, wakamwambia kwamba wao ni dani, na kwamba mama ni yule aliyemzaa, ili nafasi ya marehemu isifutike. Wote wawili walitenda kwa upendo, na mtu wa nje hana haki ya kuwahukumu. Ila yafaa mtoto aliyeachwa amwite nyanya yake mama aelezwe habari zake angali mdogo, asije akaambiwa ukweli kwa matusi na watoto wenzake njiani.

Basi watu wa nyumbani wafanyeje? Kwanza, swali liulizwe kabla mtoto hajaanza kusema. Kijana amwulize mama yake mwenyewe, na binti amwulize wake, kwa maana si rahisi kwa mkwe kumwuliza mama mkwe jambo kama hilo, na mama mkwe naye aweza kujibu lolote kwa ajili ya adabu tu. Pili, neno likisha kuchaguliwa, wazazi walitumie wao wenyewe mbele ya mtoto kila siku, hata kama nyanya yuko mbali. Mtoto hufuata asikiacho, na neno lisilosikika nyumbani halitatoka katika simu siku ya Jumapili. Tatu, mtoto akilipindua neno hilo kwa ulimi wake mchanga, akatoa sauti isiyo ya lugha yo yote, nyanya mwenye busara aitikie. Atalisema sawasawa akikua.

Wako wasemao kwamba hayo ni mambo madogo, na kwamba nyanya ni nyanya hata akiitwa nini. Lakini mtu aliyelea watoto wake mpaka wakazaa, na pengine akauza ng'ombe au mazao ya shamba ili wasome, hastahili kupewa jina kama apewavyo mgeni. Swali lenyewe ni la maneno machache, na laweza kuulizwa jioni moja wakati wa chai: "Mama, mtoto akuite nani?"