Singe Tano za Bangkok

Katikati ya Bangkok, kwenye mzunguko wa barabara usiokauka magari, umesimama mnara wenye umbo la singe tano zilizobanwa pamoja, ncha juu. Chini yake zimepangwa sanamu: askari wa nchi kavu, baharia, rubani, polisi na raia. Ulizinduliwa mwaka 1942 kuwakumbuka watu 59 waliokufa katika vita vifupi kati ya Thailand na Wafaransa wa Indochina. Unaitwa Mnara wa Ushindi.

Ninautaja kwa sababu umebeba imani ninayoisikia kila mahali, nami nimechoka kuinyamazia: kwamba nchi ikinunua silaha kali, wananchi wake watalala salama. Ongeza manowari, ongeza vifaru, adui atakaa mbali. Watu hulisema hili kama wanavyosema moja na moja ni mbili. Mambo yaliyotokea Thailand kati ya 1933 na 1957 yanaikanusha hesabu hiyo. Zifuate tu silaha zenyewe, uulize mitutu yake ilimwelekea nani.

Anza na manowari mbili, Thonburi na Sri Ayudhya. Zilikuwa pacha: zote ziliundwa na kampuni ya Kawasaki mjini Kobe, Japani, zikaingia kazini mwaka 1938, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 2,000 na mizinga minne ya milimita 203. Kwa jeshi dogo la majini, hiyo ilikuwa mali ya kujivunia. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1941, karibu na kisiwa cha Ko Chang, meli za Ufaransa zikiongozwa na Lamotte-Picquet ziliwashukia Wathai kwa ghafla. Boti mbili za topido zilizoundwa Italia, Songkhla na Chonburi, zilizama mwanzoni kabisa. Thonburi ilipigana. Nahodha wake aliuawa, moto ukaila, mwishowe ikapinduka kwenye maji ya kina kifupi. Siku hiyo walikufa mabaharia 36. Na katika fujo zile ndege ya Thailand yenyewe ilifika, ikadhani inamwona Mfaransa, ikaidondoshea Thonburi bomu.

Hilo lilikuwa kosa, na vitani makosa hutokea. Simlaumu rubani yule. Lakini pacha wa Thonburi aliyebaki naye alipigwa mabomu na ndege za Thailand, na safari hii hapakuwa na kosa lolote.

Tarehe 29 Juni 1951, Waziri Mkuu Plaek Phibunsongkhram alikuwa gatini kando ya mto Chao Phraya, akipokea msaada kutoka Marekani: meli ya kuchimba matope iliyoitwa Manhattan. Maofisa wa jeshi la majini wakamteka kwa mtutu wa bunduki mbele ya wageni, wakampeleka kwenye Sri Ayudhya. Manowari ikataka kuteremka mto, daraja halikufunguliwa. Kesho yake jeshi la nchi kavu na polisi waliishambulia kutoka ukingoni, na jeshi la anga likaipiga mabomu huku kiongozi wa serikali akiwa ndani yake. Phibun alijitosa majini akaogelea hadi ng'ambo. Manowari ikazama katikati ya mji mkuu. Raia waliokuwa wakiishi na kufanya kazi kando ya mto, ambao hakuna aliyewauliza kuhusu ugomvi ule, waliuawa pamoja na wapiganaji.

Rudi sasa kwenye ule mnara uwatazame baharia na rubani wakiwa wamesimama bega kwa bega. Haikupita hata miaka kumi tangu uzinduzi.

Wala hapo si mwanzo wa mambo haya. Oktoba 1933 mwanamfalme Boworadet aliteremka na askari wake kutoka Korat hadi Don Mueang, nje kidogo ya Bangkok, kuipindua serikali. Phibun, wakati huo ofisa kijana, aliongoza kikosi kilichomrudisha nyuma, na vita vikapiganwa kando ya reli. Waasi waliachia injini ya treni isiyo na dereva ikaligonga treni la jeshi la serikali. Mizinga iliyokuwa imenunuliwa Uingereza kwa jina la kuilinda nchi ilipata kazi kwa Wathai wenyewe, miaka saba kabla ya Ko Chang.

Na polisi yule wa mnarani? Kuanzia 1951 polisi wa Thailand waliongozwa na Jenerali Phao Sriyanond. Shirika la ujasusi la Marekani, kupitia kampuni ya kujificha iliyoitwa Sea Supply, liliwapa silaha, magari ya deraya, ndege, na mafunzo ya kuruka kwa miavuli. Polisi wakawa jeshi jingine ndani ya nchi moja. Jeshi la nchi kavu chini ya Sarit Thanarat nalo lilikuwa linapokea msaada wa Marekani tangu mkataba wa 1950. Mfadhili alikuwa mmoja, naye alikuwa anawanoa majogoo wawili wa banda moja. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1957 vifaru vya Sarit viliingia mitaani Bangkok, serikali ikaanguka. Phibun akakimbilia Kambodia, kisha Japani alikofia mwaka 1964. Phao alikwenda Uswisi.

Najua nitakachojibiwa: mbona vita vya 1941 viliwarudishia Wathai ardhi ya Kambodia na Laos? Ni kweli, walipewa Battambang na maeneo mengine. Lakini mkataba ulitiwa saini Tokyo, kwa usuluhishi wa Japani ambayo ilikuwa na hesabu zake, na mwaka 1946 Thailand ilirudisha kila kipande. Mnara wa Ushindi ukabaki pale pale.

Lipo jibu jingine ninaloliheshimu zaidi. Tarehe 8 Desemba 1941 Wajapani walishuka pwani ya kusini. Huko Prachuap Khiri Khan kikosi kidogo cha wanaanga kiliulinda uwanja wao kwa zaidi ya siku moja, na Chumphon vijana wa shule waliokuwa katika mafunzo ya kijeshi walisimama darajani na bunduki zao. Hao walielekeza mitutu mahali panapostahili, na ninawavulia kofia. Amri ya kuacha kupigana ilitoka Bangkok. Kabla mwezi haujaisha serikali ilikuwa imefunga mkataba wa urafiki wa kivita na Japani. Vijana wa Chumphon hawakupungukiwa manowari. Walipungukiwa serikali iliyowajibika kwao, na kitu hicho hakiuzwi Kobe wala Washington. Silaha bila mwenye kuihoji mikono iliyoishika humtii aliye karibu na kifyatulio, na aliye karibu na kifyatulio aghalabu anamwogopa jirani yake kuliko mgeni wa mbali.

Thailand ilikuwa pia na nyambizi nne, zilizoundwa na Mitsubishi miaka ya 1930. Hazikuzamisha meli yoyote ya adui. Baada ya vita betri zake zilichakaa na Japani iliyoshindwa haikuweza tena kuwauzia nyingine. Baada ya uasi wa 1951 jeshi la majini lilikatwa mbawa, nazo zikaondolewa kazini mwaka huo huo. Lakini Aprili 1945, ndege za Washirika zilipoviteketeza vituo vya umeme vya Bangkok, nyambizi mbili kati ya hizo zilifungwa gatini, mitambo yake ikawashwa, nyaya zikavutwa hadi nchi kavu. Umeme wake ukaendesha tramu, watu wakapanda wakaenda makazini.