Kitafunio cha Mtoto Kisipimwe kwa Pakiti

Suala la vitafunio vya watoto huenda likaonekana dogo mno kustahili nafasi gazetini. Hata hivyo, huko Kibarani, viungani mwa mji wa Kilifi, kama ilivyo kwingineko mwambaoni, watoto wanapokusanyika, iwe chekechea, madrasani au katika shule ya Jumapili, swali hilo huwagawa wazazi: mtoto apewe mahamri yaliyopikwa nyumbani, au biskuti na krispi za dukani?

Wanaopendelea vya dukani hushikilia kwamba pakiti hufungwa kiwandani, ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na likitokea la kutokea hakuna mama atakayenyoshewa kidole. Hofu hiyo haifai kubezwa. Mnamo 2004 zaidi ya watu 100 walifariki nchini, wengi wao Ukambani, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe. Chakula hakiwi salama kwa kuwa tu ni cha nyumbani. Wanaotetea jiko la nyumbani nao hujibu kwamba mama ajua alichokitia chunguni, na gharama yake ni nafuu.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimenaswa na maneno. "Cha nyumbani" na "cha dukani" hutueleza chakula kilikotoka. Hayatuambii kina nini. Hamri, ambalo jina lake lina nasaba na hamira, twaliita la nyumbani, ilhali unga wake wa ngano, sukari na mafuta vyote vimetoka dukani. Ngano hiyo hailimwi Kilifi, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula huagizwa kutoka ng'ambo. Kwa upande mwingine, maziwa ya pakiti ni ya dukani, lakini hapana shaka yamjenga mtoto kuliko hamri.

Jambo hili lina uzito. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 37 ya watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kiwango cha taifa ni asilimia 18. Kweli, udumavu hauletwi na kitafunio kimoja, na aghalabu huanza kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Lakini mazoea anayoyapata mtoto mkubwa mbele ya wenzake huyarejesha nyumbani, na mdogo wake huiga.

Linalosikitisha zaidi ni aibu. Muhogo wa kuchemsha na mbaazi za nazi, vyakula vilivyowalea wazee wetu, vimegeuzwa alama ya ufukara. Mtoto aliyevibeba kwenye kopo hula kwa kujificha, na mzazi wake, asije akachekwa, hutoa shilingi zake za mwisho kununua pakiti. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pakiti hutembezwa kwa matangazo na picha za kupendeza; mbaazi hazina wa kuzitangaza.

Yafaa basi wazazi wakae na walimu na kukubaliana. Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, kwa hivyo maafisa wa kaunti nao wana wajibu hapa. Wapishi wanawe mikono kwa sabuni, maji yachemshwe, chakula kipikwe siku hiyo hiyo na kifunikwe. Mbaazi, ndizi, viazi vitamu na maembe ya msimu vipewe zamu zao, na watoto wote wale chakula kimoja ili pasiwe na wa kuchekwa. Atakayeleta pakiti asikatazwe, bali aulizwe swali lile lile analoulizwa mwenye kopo: kina nini cha kumfaa mtoto?