Shule inayodai jembe idai na kofia

Mimi ni kinyozi, na fomu za kujiunga na kidato cha kwanza nazisoma bila kuombwa, kwa sababu wazazi wa Kilakala huingia nazo saluni zikiwa mkononi. Ndoo moja. Jembe lenye mpini. Fyekeo. Fagio la chelewa. Rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba. Halafu unafuata mstari unaonipa mimi riziki: nywele zinyolewe ziwe fupi, wavulana kwa wasichana. Nanyoa, nalipwa, watoto wanaondoka vichwa vinang'aa. Kofia sijawahi kuiona kwenye orodha hizo.

Ukiitazama vizuri, fomu hiyo inashangaza. Tunamkabidhi mtoto zana za kufanyia kazi juani, tunamwondolea kivuli alichozaliwa nacho, kisha saa saba mchana anatumwa akapalilie bustani ya shule. Akijifunika kapelo anaambiwa avue, ni utovu wa nidhamu.

Jua lenyewe si la mzaha. Morogoro tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hutukalia utosini kabisa, na katika miezi iliyo kati ya Oktoba na Machi haliendi mbali. Sisi wa chini ya Uluguru hudanganywa na mawingu. Mlima ukijifunika, tunadhani tumepona. Shirika la Afya Duniani linasema mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi. Tena mionzi hiyo huongezeka kadiri unavyopanda, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mkulima wa kule juu Morningside anasikia ubaridi mwili mzima huku utosi wake ukipigwa kuliko wangu mimi ninayetokwa na jasho huku chini.

Kwa nywele, madhara yanaonekana mapema. Jua hudhoofisha protini ya unywele na kupausha rangi yake, na nywele zilizotiwa dawa hukatika haraka zaidi. Msusi tunayepakana naye huwapokea wanawake waliosukwa twende kilioni wakashinda viwanja vya Nanenane: ile mistari ya ngozi kati ya msuko na msuko inawawasha, na wao wanalaumu mafuta. Dawa yake wanayo begani. Kanga ikifungwa kichwani inatosha, na mama zetu wanaoshusha mboga kutoka mlimani wanalijua hilo, hawatoki bila kilemba. Wazee wangu wenye vipara ndio wabishi. Wananunua mafuta ya kung'arisha kipara, kofia hawataki.

Najua jibu linalokuja: sisi ni weusi, jua ni letu. Kwa sehemu ni kweli. Melanini hutukinga sana, na saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwa mtu mweusi. Lakini darasa la Tanzania halina weusi peke yao. Nina mteja mmoja, mwanafunzi mwenye ualbino. Huwa simpigi kipara hata fomu ikisema hivyo; namwachia nywele kidogo kwa kitana namba mbili, na mama yake ananiunga mkono. Kila akikaa kwenye kiti naanzia ncha za masikio, kisha shingo, kisha utosi, nikitafuta magamba makavu yanayokwaruza kidole. Kwa watu wenye ualbino saratani ya ngozi hupenda kuanzia hapohapo, kichwani na shingoni, na huwapata wangali vijana.

Losheni ipo. Kilisun, iliyoanzia katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, hutengenezwa kwa ajili yao na hugawiwa bure. Ni kazi ya kujivunia. Ila losheni haipenyi vizuri katikati ya nywele, na kwenye kichwa kilichonyolewa huondoka na jasho. Utosi unalindwa na kofia. Ile ya pama, yenye ukingo kuzunguka pande zote, maana kapelo inafunika paji la uso na kuyaacha masikio.

Walimu ninaowanyoa wana hoja mbili. Ya kwanza, sare itaharibika. Mbona hijabu imekubalika na sare ikabaki sare? Mbona skauti wanavaa kofia gwarideni na ndio tunaowasifu kwa nidhamu? Hoja ya pili ina uzito: watoto wataazimana kofia na mapunye yatasambaa. Hili nalikubali, nayaona kila muhula. Basi kofia iandikwe jina kama linavyoandikwa daftari, ifuliwe pamoja na shati. Kuhusu gharama, fundi cherehani akishona sketi na kaptula hubakiwa na vipande ambavyo kwa kawaida vinaishia kuwa vitambaa vya kufutia mashine. Pama la mtoto linatoka humo.

Kwa hiyo bodi na kamati za shule, mnapopitia fomu za Januari, ongezeni mstari mmoja chini ya jembe: kofia ya pama, rangi ya sare. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino msingoje fomu. Mwalimu wa zamu anaweza kuamua leo kwamba huyo havui kofia mstarini, wala hapewi kazi ya nje kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Na vinyozi wenzangu, sisi tunaviona vichwa hivi kwa karibu kuliko daktari yeyote. Ukikuta kidonda utosini au sikioni ambacho mteja anasema kinakauka na kurudi, usipitishe mashine juu yake na usikipake spiriti. Mwambie aende hospitali ya rufaa ya mkoa, na safari ijayo akija kunyoa, muulize kama alikwenda.