Barabara Ikipita Sokoni, Gari Ndilo Mgeni

Leo tuongee kuhusu miguu. Sio mazoezi. Naongelea ile kutembea ya kawaida: kwenda steji, kwenda sokoni, kuchuma chai, watoto wa shule asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani. Huku kwetu Kericho na Bomet karibu kila mtu anatembea, lakini ukiangalia barabara zetu utadhani tulizaliwa na magurudumu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mtu anayetembea kwenye senta si uchafu wa kuondolewa kando ya lami. Yeye ndiye mwenyeji. Gari ndilo limekuja kwake.

Mnakumbuka Londiani Junction. Ijumaa jioni, tarehe 30 Juni 2023, trela lilishindwa kudhibitiwa, likaacha barabara na kugonga matatu, boda boda na watu waliokuwa wakiuza na kununua hapo kando. Watu 52 walikufa. Mvua ilikuwa inanyesha waokoaji wakifanya kazi. Nchi nzima ililia na sisi.

Halafu ikaja suluhisho. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akasema masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Sikatai kabisa. Hakuna anayetaka mama mboga akae mita moja kutoka kwa gurudumu la trela. Lakini jiulize, soko lilifikaje hapo? Hapo ndipo njia ya Londiani inakutana na barabara kuu ya Nakuru–Kericho. Njia zikikutana, matatu zinasimama. Matatu zikisimama, abiria wanashuka na njaa. Akishuka mtu na njaa, kuna mtu atachoma mahindi. Hivyo ndivyo senta zetu zinavyozaliwa: Kapsoit, Chepseon, Kaplong, Silibwet. Ukimpeleka mama mboga ndani huko ambako hakuna steji, umemnyima wateja, na njaa itamrudisha palepale. Hamisha soko na steji pamoja, uweke njia ya kutembea kati yao, hapo tutaelewana.

Kitu kimoja nimekiona vizuri tangu niache chuo. Pesa ya matatu ya kila siku iliisha, nikaanza kutembea. Ukitembea ndio unaona. Kuna lami, halafu kuna mtaro, halafu kuna maduka. Mahali pa mguu hakuna. Kukiwa na jua unapita kwenye vumbi kando ya mtaro. Na nyinyi mnajua mvua ya Kericho, alasiri ikifika haina adabu. Matope yakianza, kila mtu anapanda lami: mwanafunzi na begi, mchumaji chai na gamboti, shosho na fimbo yake. Halafu dereva anapiga honi na kusema, "Hawa watu hawajui barabara!" Buda, wanaijua sana. Wanajua pia vile matope yanateleza.

Kila mwaka ajali za barabarani zinaua zaidi ya watu 4,000 Kenya, na kundi kubwa zaidi kati yao ni wanaotembea kwa miguu. Sheria ya trafiki inasema ukiwa ndani ya mji au senta, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ni lini mara ya mwisho uliona trela likipita Kapsoit kwa 50?

Twende hesabu kidogo, si ngumu. Chukua senta yenye urefu wa kilomita moja. Ukiipita kwa 80, unatumia sekunde 45. Ukiipita kwa 50, sekunde 72. Tofauti ni sekunde 27. Hizo sekunde ndizo tunaambiwa zitachelewesha mizigo ya Kisumu na Uganda. Na Shirika la Afya Duniani linasema ukigongwa na gari la kasi ya 65 badala ya 50, hatari ya kufa inapanda mara nne na nusu. Hiyo biashara haina faida kwetu.

Kuna wale watasema, "Jengeni daraja la kuvukia." Sawa, kwa barabara kama Thika Road yenye leni nyingi, inafaa. Lakini kwa senta yetu, mama mwenye gunia la kabichi mgongoni hatapanda ngazi ili avuke lami ya hatua kumi. Tunachohitaji ni kitu cha chini, tena cha bei nafuu: kivuko kilichoinuliwa ili gari lipunguze kasi lenyewe, alama na vituta vidogo vya kumwamsha dereva mapema kabla hajafika, mtaro ufunikwe zege tutembee juu yake, matatu na boda zipewe nafasi nje ya lami, na taa. Tuta bila alama kwenye mteremko ni mtego mwingine, kwa hivyo lifanywe vizuri au lisifanywe.

Shida ni nani atalifanya. Barabara kuu ni ya KeNHA. Za mjini kuna KURA, za mashambani kuna KeRRA. Soko na taa za mtaa, Katiba ya 2010 ilizipa kaunti. Kwa hivyo lami ina mwenyewe, soko lina mwenyewe, na yule anayetembea kutoka lami hadi sokoni hana mwenyewe. Ukiuliza huku unatumwa kule. Kwa mguu, bila shaka.

Ndio maana nawaomba vijana tuache kungoja ajali ndio tuweke picha ya mshumaa kwenye status. Kila mwaka serikali ya kaunti lazima ipeleke makadirio ya bajeti kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikizwa kabla ipitishwe. Ile mikutano ya wadi huwa imejaa wazee, nasi tuko kwa simu. Nenda. Beba picha tano za mahali watoto wanavukia. Usiseme "tunataka maendeleo." Sema: "Tunataka mtaro huu ufunikwe, kutoka hapa hadi hapa." MCA wako akikwambia hiyo barabara ni ya KeNHA, mwambie aandike barua kwa KeNHA, akupe nakala.

Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Ni tarehe ileile ya Londiani. Kila mwaka siku hiyo tutawakumbuka watu 52, na siku hiyohiyo vitabu vya pesa vitafungwa. Tuangalie kama ndani yake kuna hata mita mia moja ya njia ya miguu.